Sungura Mwenye Matongo: Anza na Banda Kabla ya Dawa

Mwanzoni mwa 2024, ugonjwa wa macho mekundu ulipoingia Mombasa, ulipita nyumba hadi nyumba, na watu wakanunua dawa za matone kwa wingi. Baadhi ya vichupa vile viko kabatini hadi leo. Ndivyo vinavyotolewa mtoto anapokuja mbio kutoka uani kusema sungura wake ana matongo. Sungura anatiwa tone moja asubuhi na moja jioni, kwa hoja kwamba jicho ni jicho na dawa ni dawa. Siku chache baadaye jicho limefanya chamba na mnyama hataki kula.

Kitupe hicho kichupa kwanza, kisha tuongee. Dawa ya matone ikishafunguliwa haifai kukaa zaidi ya wiki nne, hata kwa binadamu. Isitoshe, maradhi yale ya 2024 yalikuwa ya virusi vinavyoambukizana baina ya watu. Jicho la sungura huharibika kwa sababu nyingine, na nyingi ya sababu hizo hazimo jichoni. Zimo bandani, kwenye mizizi ya meno, kwenye mabati yaliyopigwa na jua la saa saba, na kwenye hofu anayoishi nayo mnyama huyu kutwa kucha. Naandika haya kwa mtu wa Mjambere, au popote Kisauni, anayefuga sungura mmoja au wawili nyumbani. Mwenye mradi wa sungura mia ana daktari wake, au alipaswa kuwa naye.

Kwa nini hofu inatokea jichoni

Sungura ni windo. Kila kilicho juu yake kwake ni mwewe, na kila kinachonyatia chini kwake ni paka au nguchiro. Macho yake yamekaa pembeni mwa kichwa ili aone karibu duara lote bila kugeuka, lakini mbele ya pua yake kuna kipande kidogo asichokiona kabisa. Ukimpelekea mkono kutoka juu, au ukimnyooshea kidole usoni, unamtisha hata kama una karoti.

Ndani ya pua za sungura wengi wanaoonekana wazima huishi bakteria aitwaye Pasteurella multocida. Anakaa tu, hana neno. Sungura akisumbuka kwa siku kadhaa, kwa kuhamishwa nyumba, kuletewa mwenzake asiyemjua, joto, au mbwa wa jirani anayelala mlangoni mwa banda, kinga yake ya mwili hushuka. Bakteria huyo hupata nafasi, huzaana, hupanda kwenye mfereji wa machozi na kufika jichoni. Ndiyo maana matongo mara nyingi huja wiki moja au mbili baada ya tukio ambalo mwenye nyumba ameshalisahau.

Mambo huenda pia kinyume chake. Jicho likiuma, sungura huacha kula. Akiacha kula, utumbo wake husimama, kwa kuwa umeumbwa kusukuma nyuzi za majani mchana na usiku. Hawezi kutapika. Gesi hujaa, maumivu huzidi, na wengi hufa kwa tumbo hali mwenyewe alikuwa akitibu jicho. Kwa hiyo ukiwa na sungura mwenye jicho bovu, fuatilia mlo na kinyesi chake kuliko unavyofuatilia matongo yenyewe.

Mtazame kabla hujamshika

Wakati mzuri ni alfajiri au magharibi, saa ambazo sungura huchangamka kwa kawaida yake. Kaa chini mbali kidogo, usimwite. Tazama kama anatafuna. Tazama kinyesi: vidonge vya kawaida ni vya mviringo, vikubwa kiasi na vimelingana; vikiwa vidogo mithili ya pilipili manga, au vikiwa vichache mno, kuna tatizo. Sungura aliyejikunyata pembeni, macho nusu wazi, akisaga meno kwa sauti unayoisikia, yuko kwenye maumivu. Ile sauti ndogo laini ya meno anapopapaswa kichwa ni raha. Usizichanganye hizi mbili. Aliyetoa macho hadi weupe ukaonekana, masikio ameyalaza mgongoni na mwili ameukaza, huyo ana hofu. Na yule anayepiga mguu wa nyuma chini kwa kishindo anatoa tahadhari, tafuta alichokiona.

Kisha tazama miguu ya mbele, upande wa ndani. Hapa ndipo watu wengi hawatazami. Sungura hujifuta uso kwa mikono yake, kwa hiyo machozi na makamasi huhamia huko. Ukikuta manyoya ya ndani ya mikono yameganda na kushikana vishada, jua kwamba pua au jicho vinatoka maji kwa siku kadhaa sasa, hata kama uso unaonekana msafi asubuhi hii. Pitisha kidole pia chini ya kidevu. Kidevu kikiwa kimelowa, anatokwa mate, na mate ni habari ya meno.

Sasa ndipo umshike. Usimnyanyue kwa masikio, na mtoto akifanya hivyo mzuie papo hapo. Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio, mwili wake ukiegemea wako. Miguu ya nyuma ina nguvu kiasi kwamba akipiga teke hewani bila kushikiliwa anaweza kujivunja uti wa mgongo. Muweke juu ya meza iliyotandikwa taulo ili asiteleze, umfunge leso mwili mzima abakie kichwa tu. Usimlaze chali. Sungura aliyelazwa chali akatulia hajastarehe. Amejifia ganzi kwa woga, kama anavyofanya akiwa mdomoni mwa adui.

Jicho linasema nini

Machozi maji, meupe, yasiyo na uzito, kwenye macho yote mawili, kwa kawaida ni muwasho: vumbi, moshi, au harufu ya mkojo. Ondoa chanzo, na ndani ya siku mbili tatu utaona nafuu.

Matongo mazito meupe kama maziwa, yanayojikusanya kwenye kona ya jicho iliyo karibu na pua, hasa jicho moja tu, ni jambo jingine. Mtu ana vitundu viwili vya kupitishia machozi kwenye kila jicho. Sungura ana kimoja tu, kwenye kope ya chini. Kutoka hapo mfereji wake mwembamba hupita kandokando ya mizizi ya meno ya juu kabla ya kuishia puani. Meno ya sungura, yote 28, hayakomi kukua maisha yake yote. Ya mbele hurefuka takriban milimita 2 hadi 3 kwa wiki. Asipopata cha kuyasaga, mizizi husukumwa nyuma, huubana mfereji, na machozi hukosa pa kupita. Hapo unaweza kutia dawa ya matone mwezi mzima: matongo yatapungua, ukiacha yatarudi. Tatizo liko kinywani, na hasa sahanini. Sungura anayelishwa mkate, chapati iliyobaki na maganda ya viazi anaonekana amenenepa, lakini meno yake hayafanyi kazi. Zaidi ya robo tatu ya chakula chake inafaa iwe nyasi.

Matongo ya manjano au kijani, macho yote mawili, pamoja na chafya na makamasi, ni maambukizi. Mtenge na wenzake leo hii, na unawe mikono kabla ya kuwashika wengine.

Jicho lililofumbwa, linalotoka machozi, ambalo likifunguliwa unaona ukungu wa bluu au doa jeupe juu ya mboni, huenda lina kidonda. Bua la nyasi limemchoma, au kucha ya mwenzake. Hili ni la kwenda kwa daktari siku hiyohiyo. Vivyo hivyo jicho lililotokeza nje kuliko jenzake: mara nyingi nyuma yake kuna jipu lililotokana na jino la nyuma. Ukiona donge jeupe ndani ya jicho, au mtoto wa jicho kwa sungura ambaye bado ni kijana, daktari atafikiria kimelea aitwaye Encephalitozoon cuniculi, anayeenezwa kwa mkojo, ambaye pia huharibu figo na kupindisha shingo. Dawa yake, fenbendazole, hutolewa kwa siku 28 mfululizo, kwa kipimo cha daktari na si cha muuza duka.

Magamba magumu ya kijivu kwenye kope, pua na kingo za masikio ni upele. Unatibika vizuri kwa ivermectin, lakini unaweza kukuwasha na wewe, kwa hiyo vaa glavu.

Na wale wachanga. Vitoto vya sungura hufungua macho vikiwa na siku 10 hadi 12. Kimoja kikifika siku ya 12 macho bado yamegandamana na kope zimevimba, kuna usaha nyuma yake. Loweka pamba kwenye maji vuguvugu, ilaze juu ya kope hadi gamba lilainike, kisha fungua pole pole kwa kidole. Ukichelewa, jicho hilo laweza kupofuka hata kabla halijaona mwanga.

Mtungi chini ya banda

Nikiingia ua wa mtu nikaona sungura mwenye macho mekundu, kitu cha kwanza ninachotafuta ni mtungi. Tangu miaka ya 2010 mkojo wa sungura umekuwa biashara hapa Kenya. Wakulima huuchanganya na maji wakaupulizia mimea kama mbolea na kufukuzia wadudu. Kwa hiyo hata mwenye sungura wawili ametega bati la kuchuruzisha mkojo hadi kwenye mtungi wa lita 20, akisubiri mnunuzi. Mnunuzi mara nyingi haji. Mtungi unabaki pale, wazi, wiki baada ya wiki, chini ya pua ya mnyama.

Mkojo uliokaa huvunjwa na vijidudu ukatoa hewa ya amonia. Hiyo ndiyo harufu inayokupiga ukifungua banda. Amonia huunguza utando wa jicho, na pia huua vinyweleo vidogo vya ndani ya pua vinavyofagia uchafu nje. Jicho linawasha, pua haina mlinzi, na Pasteurella anapata njia. Hewa nzito ya masika, wakati kila kitu kinakataa kukauka, hufanya mambo kuwa mabaya zaidi.

Kipimo chake hakina gharama. Alfajiri, kabla hujafungua banda, piga magoti uweke pua yako pale ilipo pua ya sungura. Ukiisikia amonia, yeye amekuwa akiivuta usiku kucha.

Kama kweli unauza mkojo, tia mtungi mfuniko wenye tundu la faneli tu, na uumwage au uuhamishe kila siku mbali na banda. Kama huuzi, acha kujidanganya, uondoe huo mtungi. Zoa kinyesi kila asubuhi. Ule utando mgumu mweupe unaoganda kwenye waya na trei ni chokaa iliyomo kwenye mkojo wa sungura; sabuni haiutoi, siki inautoa. Paka siki, subiri, sugua, suuza.

Kuna kosa moja linalofanywa na watu wasafi sana: kumwaga Jik moja kwa moja juu ya mkojo. Dawa hiyo ya klorini ikikutana na amonia hutoa hewa yenye sumu inayochoma macho na mapafu, ya sungura na yako. Mtoe mnyama kwanza, osha banda kwa maji na sabuni mpaka mkojo uishe, ndipo utie Jik iliyochanganywa na maji mengi, suuza, na uliache likauke juani.

Matandiko nayo yaangalie. Maranda ya fundi seremala ni rahisi kupata, lakini yale laini yanayofanana na unga ni vumbi tupu. Chukua yale ya vipande vikubwa, yapepete upepo uchukue vumbi, au tumia nyasi kavu. Nyasi za kula usizining'inize juu ya kichwa chake, maana akizivuta, vumbi na mabua humwangukia machoni. Ziweke usawa wa kidevu.

Moshi, vumbi na jua la Machi

Ubani na udi ni sehemu ya nyumba zetu na hakuna anayekuambia uache. Lakini chetezo kikiwashwa Alhamisi jioni, sungura atolewe uani kwanza, arudishwe baadaye. Dawa ya mbu ya kuchoma usiiweke chumba anacholala, na ya kupuliza ndiyo kabisa. Jiko la makaa na takataka zinazochomwa nyuma ya ploti hupeleka moshi kule kule upepo unakokwenda, kwa hiyo geuza mdomo wa banda. Kwenye vichochoro visivyo na lami, ambako kila bodaboda ikipita inaacha wingu jekundu, gunia lililolowekwa maji na kutundikwa upande wa njia husaidia sana kiangazi.

Gunia hilo linasaidia pia kwenye joto, na joto ndilo adui mkubwa wa sungura wa Pwani. Mnyama huyu hustarehe kwenye nyuzi 15 hadi 20 za Selsiasi. Akipita 30 anataabika, na Mombasa mwezi Machi joto la mchana hupita 32, tena na unyevu wa bahari. Hana jasho la maana. Anapoza damu kupitia masikio. Kwa hiyo masikio yakiwa ya moto na mishipa imetuna, anahema kwa kasi, pua imelowa, ameanza kufungua mdomo, usimsubirie. Mpeleke kivulini, lowesha masikio kwa maji ya kawaida, mtandikie taulo bichi, mpe maji ya kunywa. Usimtumbukize kwenye ndoo ya barafu. Mshtuko wake peke yake waweza kumuua.

Banda la kuezekwa mabati matupu Mjambere ni tanuri. Juu ya mabati tandika makuti, ukiacha nafasi hewa ipite kati yake. Chini ya mwembe au mkungu ni bora kuliko kando ya ukuta wa mawe unaotema joto hadi saa tatu usiku. Ndani ya banda muwekee kigae cha sakafu ajilaze juu yake, na chupa ya maji yaliyogandishwa, imeviringishwa kitambaa. Ukimtilia feni, ielekeze ukutani. Ikimpiga usoni moja kwa moja inakausha macho, nawe utarudi kule kule kwenye matongo.

Maji ya kunywa yawe yale unayokunywa wewe. Visima vingi vya Kisauni vina chumvi, na sungura akiyachukia maji hunywa kidogo tu, utumbo ukakauka.

Mambo yanayomtoa roho

Kelele za harusi mtaani huwezi kuzizima. Unaweza kumpa pa kujificha. Katoni yenye milango miwili, ili asihisi amezingirwa, hufanya kazi nzuri kuliko banda la bei. Milango iwe mipana, kingo zisiwe na waya uliochongoka. Nimeona macho yaliyochanwa na ncha za waya wa kuku zilizoachwa zikitazama ndani, na fundi aliyezikunja nje angemaliza kwa dakika tano.

Kunguru wa Mombasa hawaogopi mtu, sembuse sungura. Hutua juu ya banda, hudonoa kupitia waya, na mnyama hulala akiwa amekodoa macho. Funika upande wa juu. Paka wa mtaa naye si lazima amguse. Kumwona tu usiku kucha kunatosha kumfanya asile. Inua banda kiasi cha mita moja kutoka chini, na upande wa nyuma uzibe kwa mbao.

Watoto wafundishwe kukaa sakafuni na kumngoja aje mwenyewe. Wamfikie kwa ubavu, mkono chini, wakiongea. Wasimwamshe mchana. Kumpitisha mikononi mwa wageni siku ya Idi, kila mmoja akitaka picha, ni adhabu.

Sungura hapendi upweke, lakini mwenzake asitiwe ghafla. Madume mawili yatapigana, na mapigano yao huanzia usoni. Waweke kwenye mabanda yanayotazamana kwa wiki kadhaa, wabadilishane matandiko wazoee harufu, kisha wakutane mahali ambapo hakuna kati yao anayepaona pake.

Kuosha na kutia dawa

Jicho lioshwe kwa maji ya chumvi yaliyotengenezwa nyumbani: kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, katika nusu lita ya maji matamu yaliyochemshwa yakapoa. Maji ya kisima hapana, na ya bahari hapana. Pamba mpya kwa kila jicho, ukifuta kutoka kona ya pua kwenda nje mara moja, kisha unaitupa. Gamba lililoganda usilibandue, lilainishe. Manyoya yaliyolowa chini ya jicho yakaushe, kwa sababu ngozi pale huchubuka na inzi hutaga mayai.

Daktari akikupa matone, simama nyuma ya sungura aliyefungwa leso, uvute kope ya juu kidogo kwa kidole gumba, udondoshe kutoka nyuma ambako haoni chupa ikija. Ncha isiguse jicho. Kama ni dawa mbili, ngoja dakika tano kati yake. Malizia kwa tawi la giligilani, ili kesho asikukimbie.

Asali, maziwa ya mama, chai ya rangi na mate: usitie chochote kati ya hivi. Najua vinasifiwa.

Dawa za kuogopa

Hapa sina utani. Soma kwenye boksi la dawa ya macho, si jina kubwa bali maandishi madogo. Ukiona dexamethasone, betamethasone, prednisolone au hydrocortisone, hiyo ina steroidi. Jicho lenye kidonda likitiwa steroidi kidonda huchimbika, na sungura ni mnyama ambaye steroidi humshusha kinga upesi. Dawa nyingi za macho zinazouzwa kwa binadamu huchanganya antibiotiki na steroidi katika kichupa kimoja, na hizo ndizo hupunguza wekundu haraka. Wekundu unaondoka, kidonda kinabaki.

Pili, antibiotiki za kumeza. Amoxicillin, ampicillin, penicillin, clindamycin na lincomycin zikipitia mdomoni mwa sungura huua vijidudu vizuri vya utumbo, vibaya hutawala, na mnyama hufa kwa kuhara. Zile kapsuli za rangi mbili ambazo kila nyumba imewahi kuwa nazo zimo humo. Mwenye duka anayekuambia umpasulie nusu kapsuli anamjua kuku, hamjui sungura.

Tatu, dawa za viroboto za kudondoshea shingoni zenye fipronil ni za mbwa na paka. Kwa sungura zinaua. Na dawa za maumivu za binadamu usimkisie kipimo.

Kwenda kwa daktari

Tatizo la kweli kwetu ni hili: wataalamu wengi wa mifugo wamezoea mbuzi, ng'ombe na kuku. Anayetembelea mtaa kwa pikipiki na friji ya chanjo anaweza kuwa hodari kabisa na bado hajawahi kutazama meno ya nyuma ya sungura. Kwa mujibu wa sheria ya 2011, madaktari wa mifugo na wasaidizi wao wote husajiliwa na Bodi ya Veterinari ya Kenya, KVB. Kuuliza namba ya usajili si utovu wa adabu. Anza na ofisi ya mifugo ya kaunti au zahanati za wanyama upande wa Nyali, na kwenye simu uliza mambo mawili: je, una ile rangi ya kupima kidonda cha jicho, na je, una kifaa cha kutazama meno ya ndani? Rangi hiyo, fluorescein, hudondoshwa jichoni na kidonda hung'aa kijani chini ya taa maalumu. Bila kupima hivyo, kuandika dawa ya jicho ni kubahatisha.

Mpeleke asubuhi mapema kabla jua halijakolea, kwa tuktuk badala ya bodaboda, ndani ya katoni yenye matundu, iliyofunikwa leso yenye harufu ya nyumbani. Tia kiganja cha nyasi ndani. Daktari atapenda kujua kama amezila njiani. Sema ukweli kuhusu chakula na kila dawa uliyomtia, hata ile ya kichupa cha kabatini.

Kama hajala tangu asubuhi na jioni imefika, usingoje kuche. Kama shingo imepinda, macho yanachezacheza yenyewe, au jicho limetokeza, usingoje hata jioni.

Jicho likipotea kabisa, si mwisho wa sungura. Mwenye chongo huzoea upesi, na hata aliyepofuka macho yote huishi vyema ilimradi chungu cha maji, nyasi na mahali pa kulala havihamishwi, na kila anayemkaribia anasema kabla ya kumgusa.

Kwa yule ambaye bado hajanunua na mtoto anamsumbua: nenda na mtoto, mchague sungura pamoja. Inusa banda la muuzaji. Geuza mikono ya mbele ya sungura utazame manyoya ya ndani, inua mdomo wa juu uone kama meno ya mbele yamekutana sawasawa. Tazama wenzake aliofungiwa nao; mmoja akipiga chafya, waache wote. Ukimpata mzima, kumbuka kwamba sungura anayetunzwa huishi miaka 8 hadi 10. Mtoto wa gredi ya nne atakuwa ameshamaliza shule. Kabla hujatoa pesa, kubalianeni ni nani atakayezoa kinyesi kila asubuhi, na kama jibu ni "mama", muulizeni mama kwanza.